Fosforasi ya shambani huenda wapi? DAP miaka sita, na maabara bado inasoma 4

mkulima_Vihiga

Wanajukwaa, habari za leo. Nina shamba la ekari moja huko Vihiga, kwenye mteremko unaoshukia kijito kinachoingia mto Yala. Udongo wake ni mwekundu wa kukolea, ule ambao ukishika ukosi wa shati hautoki hata kwa sabuni ya mche. Kwa miaka sita mfululizo nimepanda mahindi na maharage katika mvua za masika, na kila mwaka nimetumia mfuko mmoja wa mbolea ya DAP wa kilo 50, kifuniko kimoja cha soda kwa kila shimo la mbegu mbili. Sijawahi kuvuna zaidi ya magunia manane, na kila mwaka mahindi yakifika magotini majani ya chini hugeuka zambarau pembezoni.

Mwaka huu nilipeleka udongo maabara. Ripoti inasema pH, yaani kipimo cha uchachu, ni 5.1 na fosforasi kwa njia ya Olsen ni miligramu 4 kwa kilo ya udongo, yaani chini sana. Mpwa wangu alichukua udongo uleule, tuliouchanganya katika ndoo moja, akaupeleka maabara nyingine, naye akarudi na 9 kwa njia inayoitwa Mehlich 3. Muuzaji wa pembejeo niliyemwonyesha karatasi hizo alisema niongeze DAP iwe mifuko miwili, akashika kitabu cha risiti kabla sijamaliza kumweleza.

Naomba kueleweshwa mambo mawili. Kwanza, mbolea ya miaka sita imekwenda wapi, ikiwa mahindi yenyewe hayakuila? Pili, kati ya 4 na 9, nani amesema kweli?

udongo_na_maji

Ndugu mkulima, nimefanya kazi katika maabara ya udongo kwa miaka mingi, na hili ndilo swali ambalo wateja hutuuliza wakiwa na hasira kuliko yote. Tuanze na hesabu, kwa sababu yenyewe itaonyesha kwamba sehemu kubwa ya fosforasi yako haijatoka shambani.

Mfuko wa DAP umeandikwa 18-46-0. Hiyo 46 si asilimia ya fosforasi tupu, bali ni fosforasi ikihesabiwa kana kwamba ni oksidi yake, desturi ya zamani ya biashara ya mbolea ambayo imekataa kufa. Ili kupata fosforasi yenyewe unazidisha kwa 0.436. Kwa hiyo kilo 50 za DAP zina kilo 23 za oksidi, ambazo ni kilo 10 za fosforasi, na kwa miaka sita umeweka kilo 60. Tani moja ya punje za mahindi huondoka na takribani kilo 3 za fosforasi. Magunia yako manane ya kilo 90 ni kilo 720, kwa hiyo kila mavuno yamechukua kilo 2 na ushei. Hata tukijumlisha maharage na mabua unayolisha ng'ombe, ni vigumu kuvuka kilo 20 kwa miaka yote sita. Zinabaki kilo 40. Udongo wa juu wa ekari moja, kwa kina cha sentimita 20, una uzito wa karibu tani 970, kwa hiyo kilo 40 hizo ni sawa na miligramu 41 katika kila kilo ya udongo, mbali na fosforasi ya asili iliyokuwamo kabla hujafika. Maabara imeona 4 tu.

Nyingine zimeshikwa. Udongo wenu ni mwekundu kwa sababu umejaa kutu, yaani oksidi za chuma kama hematiti na goethaiti, pamoja na oksidi za alumini ambazo hazina rangi ya kuzifichua. Uso wa chembe hizo umefunikwa na vikundi vya oksijeni na haidrojeni. Ioni ya fosfeti, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni, inapofika hapo haining'inii kwa nje tu kama potasiamu inavyofanya kwenye mfinyanzi. Inakisukuma kimojawapo cha vikundi hivyo, inakaa mahali pake, na kufungamana moja kwa moja na chuma au alumini, mara nyingi kwa vifungo viwili. Sehemu hiyo ya kazi huchukua saa au siku chache. Kisha huanza nyingine ya taratibu, ambapo fosfeti hupenya kwenye vitundu na nyufa za chembe, au hufunikwa na tabaka jipya la kutu, na hali hiyo huendelea kwa miezi na miaka. Ndiyo maana mbolea iliyowekwa wiki hii na ile iliyowekwa mwaka 2019 hazina thamani moja kwa mzizi, ingawa zote zimo katika udongo uleule.

Umri wa udongo nao una sehemu yake. Watafiti Walker na Syers walionyesha mwaka 1976, kutokana na udongo wa New Zealand wenye umri unaotofautiana, kwamba fosforasi huanza ikiwa ndani ya apataiti, ambayo ni jiwe la fosfeti na kalsiamu, na kadiri mvua za maelfu ya miaka zinavyoiyeyusha ndivyo inavyohamia katika mata ya viumbe hai na katika chuma na alumini, hadi nyingi ya iliyobaki inafungiwa ndani ya oksidi. Udongo wa magharibi mwa Kenya uliochakaa kwa mvua umekwisha kutembea sehemu kubwa ya safari hiyo. DAP yako ni kijana aliyeingia katika nyumba ya wazee.

Mzizi hunywa fosforasi iliyoyeyuka majini tu, na hiyo ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Tuchukue mfano kwamba maji ya udongo wako yana miligramu 0.05 za fosforasi kwa lita, na kwamba udongo una unyevu wa robo ya uzito wake. Ekari nzima itakuwa na lita kama 240,000 za maji, na ndani yake gramu 12 za fosforasi. Gramu 12! Mahindi yako yanahitaji kilo 3 hivi kwa msimu, mabua yakiwemo, kwa hiyo akiba hiyo ndogo ni lazima ijazwe upya mara 250 kutoka katika ile iliyoshikwa. Inayoamua mavuno, basi, ni kasi ya kujazwa, pamoja na umbali, kwa sababu fosfeti husogea milimita chache tu kuelekea mzizi kwa msimu mzima, wakati nitreti huja ikielea na maji.

Kuhusu 4 na 9, maabara zote mbili zimesema kweli. Njia ya Olsen, iliyotangazwa mwaka 1954, huosha udongo kwa sodiamu baikaboneti yenye pH 8.5; Mehlich 3, ya mwaka 1984, hutumia mchanganyiko wa tindikali wenye floridi ndani yake, na floridi huing'oa fosfeti kwenye alumini kwa nguvu zaidi. Ni wavuvi wawili wenye nyavu za macho tofauti katika ziwa moja. Kosa ni kulinganisha namba zao ana kwa ana, au kusoma namba ya mmoja kwa jedwali la mwenzake. Kwa mahindi, wengi huhesabu Olsen chini ya 10 kuwa upungufu, na Mehlich 3 chini ya 30 hivi, kwa hiyo zote zinakupa hukumu ileile.

Jambo la mwisho, kwa kuwa umetaja mteremko: fosforasi haizami na maji ya mvua kama nitreti, lakini husafiri na udongo wenyewe. Kila tope jekundu linaloteremka kijitoni linabeba sehemu ya zile kilo 40 hadi Yala, na kutoka Yala hadi Ziwa Victoria, ambako ni chakula cha mwani na magugumaji. Fanya hesabu yangu ukikumbuka hilo.

MamaShamba_Bungoma

Ndugu yangu wa Vihiga, maelezo ya hapo juu ni mazuri, lakini naona yameruka kitu ambacho hakihitaji maabara. Chimba.

Mimi nilifuata rangi ya zambarau kwa miaka miwili nikidhani ni fosforasi tu. Rangi hiyo hutokea mmea unaposhindwa kutumia sukari yake, na fosforasi ikikosekana ni sababu mojawapo. Baridi ya wiki moja au udongo uliolowa kupita kiasi huweza kuileta pia, na zipo mbegu chotara zinazokuwa zambarau wakati wa uchanga hata pakiwa na mbolea ya kutosha. Kwa hiyo siku moja nilichukua jembe nikang'oa mche wa wiki tatu pamoja na bonge lake la udongo, nikaliloweka katika karai hadi tope likaachia. Mizizi ilikuwa mifupi, minene, yenye ncha za kahawia zilizofanana na vijiti vya kiberiti vilivyowaka, na matawi madogo yalikuwa ya kuhesabika. Pembeni kidogo, upana wa vidole vitatu kutoka kwenye mbegu, paliketi mabaki ya kijivu ya chembe za DAP, na hakuna mzizi hata mmoja uliokuwa umefika. Mbolea ilikuwepo na mahindi yalikuwepo, ila hayakuwa yamekutana.

Ncha kuungua hivyo ni kazi ya alumini. Udongo ukishuka chini ya pH 5.5 hivi, alumini huanza kuyeyuka, na mzizi wa mahindi hauiwezi. Tafadhali kachimbe mimea mitano, pembeni na katikati ya shamba, kisha uturudie kabla hujanunua chochote.

mkulima_Vihiga

Nashukuru sana, Mwalimu, na wewe Mama. Nimechimba saba. Mitano ina mizizi kama uliyoieleza, mifupi na yenye ncha za kahawia. Miwili iliyo karibu na zizi la zamani la ng'ombe ina mizizi mirefu, myeupe, yenye nywele nyingi hadi udongo unashikamana nayo kama soksi, na majani yake hayana zambarau hata kidogo. Mbolea niliyoweka ni ileile, kifuniko kilekile.

Je, hii ina maana kwamba samadi inatosha na DAP niiache? Pia jirani ameniambia nitafute mbolea ya Minjingu kutoka Tanzania badala ya DAP. Na maua makechi, yale ya njano ya uani, kuna mtu alinihakikishia kwamba yanaongeza fosforasi.

babati_mstaafu

Mwanangu, nakuandikia kutoka mkoa wa Manyara, si mbali na kilima cha Minjingu chenyewe, kwa hiyo hilo niachie mimi.

Fosfeti ya Minjingu ni mali ya ndege. Ziwa Manyara lilipokuwa kubwa zaidi, kilima kile kilikuwa kisiwa, na ndege walao samaki waliacha juu yake vinyesi na mifupa ambavyo hatimaye viligeuka mwamba. Kwa sababu ya asili hiyo ni fosfeti laini, inayokubali kuyeyuka, tofauti na ile ya Panda kule Mbeya au ya Sukulu na Busumbu huko Uganda, ambayo ilizaliwa na moto wa volkano na ni ngumu kuyeyuka shambani bila kupitia kiwandani. Ile ghafi ya Minjingu ina takribani asilimia 13 ya fosforasi, lakini haifanyi kazi kama DAP. DAP inayeyuka ndani ya siku chache kwa unyevu tu. Minjingu ni apataiti, na apataiti inayeyushwa na tindikali ya udongo: ioni za haidrojeni huivunja, nayo huachia kalsiamu na fosfeti. Udongo wako wa 5.1 unaweza kuiyeyusha vizuri, tena uchachu wenyewe unapungua kidogo katika kazi hiyo. Sisi wenye udongo wa pH 7.5 huku bondeni tukiimwaga, inabaki pale kama kokoto.

Sasa sikiliza, kwa maana hapa ndipo watu wengi huharibu. Ukimwaga chokaa na Minjingu ghafi mahali pamoja kwa wakati mmoja, umeua zote mbili. Chokaa huondoa tindikali ambayo ingeiyeyusha fosfeti, na kujaza kalsiamu ambayo huizuia isiyeyuke. Chagua njia moja kwa kipande kimoja cha shamba. Na ukiitumia Minjingu ghafi ya unga, usiipimie kwa kisoda shimoni; isambaze na kuichanganya na udongo, kwa sababu inahitaji kugusana na uchachu mwingi iwezekanavyo. Chembechembe zilizochanganywa na naitrojeni ni jambo jingine, soma mfuko.

maweni_Unguja

Samahani kwa kuingilia, nina swali la upande wa pili. Mimi nalima mboga kwenye ardhi ya maweni, udongo mchache juu ya matumbawe, pH 8.1. Ripoti yangu ya fosforasi ilipimwa kwa njia ya Bray na imetoka 2. Je, nami nina kutu?

udongo_na_maji

Ndugu wa Unguja, kwa pH hiyo mwizi wako mkuu ni kalsiamu. Fosfeti ya mbolea huungana nayo, kwanza kwa chumvi inayoyeyuka kiasi, kisha kwa zile ngumu zaidi zinazoelekea kuwa apataiti. Lakini usiiamini ile 2. Bray ni tindikali hafifu yenye floridi, iliyotengenezwa mwaka 1945 kwa udongo wenye uchachu. Ikikutana na chokaa ya matumbawe inachakazwa na chokaa kabla haijaigusa fosforasi. Omba wapime kwa Olsen, ambayo iliundwa hasa kwa udongo wenye chokaa.

Sasa nirudi Vihiga. Mama wa Bungoma amenirekebisha kwa haki. Niliongea kuhusu fosforasi kana kwamba mzizi ni mfereji usio na uhai. Mimea yako miwili ya karibu na zizi inaeleza mengi. Samadi ya miaka mingi imefanya kazi tatu hapo: imeifunga alumini iliyoyeyuka isiuchome mzizi, imeleta asidi za ogania zinazogombania na fosfeti nafasi kwenye kutu, na imeleta fosforasi ambayo imo ndani ya mata yenyewe na huachiliwa kidogo kidogo na vimeng'enya vya vijidudu na vya mizizi. Samadi ya kuku, nikidokeza, ina fosforasi nyingi kuliko ya ng'ombe, kwa sababu sehemu kubwa ya fosforasi ya nafaka imo katika faiteti, yaani akiba ya fosforasi ndani ya mbegu, na kuku hawezi kuisaga vizuri, hivyo huitoa.

Hata hivyo, usiiache DAP. Maua makechi ni mazuri, majani yake makavu yana kama asilimia 3.5 ya naitrojeni na 4 ya potasiamu, lakini fosforasi ni asilimia 0.37 tu. Ili upate kilo 10 ulizokuwa ukiweka kwa mfuko mmoja, utahitaji tani 2.7 za majani makavu, na majani mabichi ni karibu maji matupu, kwa hiyo utabeba zaidi ya tani 13 kichwani. Tena fosforasi hiyo imetoka kwenye udongo wa ua wako mwenyewe, umeihamisha, hujaiongeza. Yaweke pamoja na mbolea, kwa sababu pamoja hufanya kazi vizuri kuliko kila kimoja peke yake.

Kabla ya chokaa, rudisha udongo na uombe kipimo kimoja ambacho ripoti yako haina: alumini inayobadilishika, yaani ile iliyoshikiliwa kwa nje ya chembe za udongo na inayoweza kuachia. pH peke yake haitoshi kusema mifuko mingapi. Na ujue kwamba faida kubwa ya chokaa kwako haitakuwa kuing'oa fosforasi ya zamani kwenye kutu, jambo ambalo watu hulitia chumvi, bali kuupa mzizi nafasi ya kutembea hadi ilipo. Usipitilize vilevile, udongo huu ukiusukuma hadi pH 7 utaanza kukosa zinki, na kalsiamu itaanza wizi uleule tuliouzungumza kwa Unguja.

mkulima_Vihiga

Majibu yamerudi baada ya wiki tatu: alumini sentimoli 1.3 kwa kilo.

udongo_na_maji

Vizuri. Kila sentimoli moja kwa kilo ya udongo, katika ekari moja kwa kina cha sentimita 20, huhitaji kama kilo 485 za chokaa safi kuituliza. Zidisha kwa 1.3, kisha kwa 1.5, kwa kuwa sehemu ya chokaa hutumiwa na uchachu mwingine usiokuwa alumini: unapata kilo 946, tuseme mifuko 19 ya kilo 50. Chokaa ya shambani iliyosagwa laini, siyo ya kupaka nyumba. Imwage mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda, uichimbie ndani, kisha DAP iendelee kwenda shimoni, chini kidogo na pembeni ya mbegu, si upana wa vidole vitatu. Shimoni hujaza kutu ya eneo dogo tu, na mche unapata inayobaki. Ukiimwaga shamba zima unailisha kutu ya ekari nzima.

Na kumbuka kwamba amoniamu iliyomo ndani ya DAP yenyewe hugeuzwa na bakteria kuwa nitreti na kuacha tindikali nyuma yake, kwa hiyo miaka yako sita imechangia kidogo hiyo 5.1. Ukipata TSP, mbolea ya fosforasi isiyo na naitrojeni, kwa bei ya kuvumilika, na naitrojeni ukaiweka kwa njia nyingine, ni bora kidogo kwa udongo huu.

mkulima_Vihiga

Fedha za mifuko 19 kwa mkupuo sina. Nimepanga hivi: robo ya shamba chokaa na DAP, robo ya pili Minjingu ya unga bila chokaa, robo ya tatu samadi na DAP, na robo ya mwisho nifanye kama siku zote. Matuta ya fanya juu nitayatengeneza kwanza, tope lisiendelee kwenda Yala.

MamaShamba_Bungoma

Umepanga vizuri, ila katika kila robo acha mistari miwili ambayo hukuiwekea mbolea yoyote, uiwekee alama za vijiti. Wiki ya tatu baada ya kuota, ng'oa mche mmoja kutoka kila upande, uloweke katika karai, na utupigie picha ya mizizi ikiwa bado imelowa.